SOMO: Jinsi ya kuandaa taarifa ya maji ya eneo la mafuta, hatua kwa hatua (mfano wa California)

Wadau, salaam. Mmoja wenu aliniuliza: "Kampuni ya mafuta inatumia maji kiasi gani kwa mwaka?" Nikamwambia swali lenyewe lina kasoro, akanuna. Ndugu yangu, jibu lako kamili ni hili hapa.

Kisima cha mafuta kilichozeeka hutoa maji yenye mafuta kidogo ndani yake. Huko California, Marekani, ukichukua wastani wa jimbo zima, kila pipa la mafuta hupanda na zaidi ya mapipa 10 ya maji. Maji hayo yamekaa ndani ya mwamba pamoja na mafuta, na mara nyingi yana chumvi. Sasa kampuni hiyo hiyo hununua maji mengine kutoka nje, huchemsha mengine yawe mvuke, huyarudisha mengine ardhini na pengine huwauzia wakulima yanayobaki. Ukimuuliza "umetumia kiasi gani", atakuchagulia namba inayompendeza. Muulize maji yametoka wapi na yameishia wapi, hapo hana pa kujificha.

Nimechagua California kwa sababu sheria yao inauliza hivyo hivyo. Januari 2014 Gavana Jerry Brown alitangaza dharura ya ukame. Wakulima wa Bonde la San Joaquin walikuwa wanahesabu kila tone, na jirani zao, katika kaunti ya Kern, pampu za mafuta zilikuwa zinainama na kuinuka kama kawaida. Kampuni zilikuwa tayari zinapeleka taarifa za kila mwezi za mafuta, gesi na maji. Vipande vilikuwepo, picha nzima haikuwepo. Septemba mwaka huo ikasainiwa sheria ya SB 1281, iliyoletwa na seneta Fran Pavley, na kuanzia 2015 kila mwendeshaji anatakiwa kueleza kila robo mwaka: chanzo cha maji, kiasi, yaliyosafishwa, kazi iliyofanywa na yalikoishia. Taarifa inakwenda kwa mamlaka ya jimbo inayosimamia visima, ambayo tangu 2020 inaitwa CalGEM, na takwimu zinawekwa wazi mwananchi azione.

Hatua ya 1: Chora mpaka

Karatasi na kalamu kwanza, Excel baadaye. Chora mstari kuzunguka eneo lote. Kila bomba linalokata mstari huo liandike: linaingiza au linatoa? Mdomo wa kisima nao ni mpaka. Kinachopanda kimeingia, kinachodungwa chini kimetoka, hata kama mwezi ujao kitapanda tena. Kinachohama kutoka tangi moja kwenda jingine ndani ya mstari hakihesabiwi kabisa.

Nasisitiza hili kwa sababu liliniumbua. Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika kampuni ambayo sitaitaja, nilijumlisha mita ya tangi la kutenganishia mafuta na maji, halafu nikajumlisha tena mita ya tangi linalofuata, ilhali ni maji yale yale. Msimamizi akaniuliza kwa upole pampu zetu zimepata wapi nguvu ya kunyanyua maji mengi namna ile. Sikulala.

Hatua ya 2: Pima

Maji ya kununua yana mita, na ankara ipo. Shida ni maji yanayopanda na mafuta, kwa sababu visima vingi havina mita ya kila kimoja. Kinachofanyika ni kukipima kisima kwa zamu: unakielekeza kwenye tangi la majaribio, unapata jumla ya kimiminika kwa siku, halafu unapima sampuli kujua sehemu ya maji. Kisima kikitoa mapipa 500 kwa siku na sampuli ikaonyesha maji asilimia 92, basi ni mapipa 460 ya maji na 40 ya mafuta. Mwisho wa mwezi unalinganisha jumla ya makadirio na mita kuu, kisha unagawa tofauti kwa uwiano. Sampuli ya haraka haraka ikisoma maji asilimia 90 badala ya 92, mafuta yako yanakuwa 50 badala ya 40. Maji yakikosewa, na mapato yamekosewa.

Hatua ya 3: Tenganisha kwa ubora

Pipa la maji ya bomba na pipa la maji ya chumvi hayakai safu moja. Kipimo cha kwanza ni jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka. Kwa kanuni za serikali kuu ya Marekani, maji ya ardhini yenye chini ya miligramu 10,000 kwa lita yanalindwa kama chanzo kinachoweza kuwa cha maji ya kunywa, isipokuwa mwamba husika uwe umeondolewa rasmi katika ulinzi huo. Linganisha na maji ya bahari, kama 35,000.

SB 1281 inataka pia ujue ni kiasi gani cha maji ambayo hayajasafishwa kilikuwa kinafaa kwa nyumbani au kumwagilia. Safu hiyo ndiyo mwandishi wa habari atakayoifungua kwanza, na ana haki.

Hatua ya 4: Andika yalikoishia

Kern ina mafuta mazito kama asali ya baridi, kwa hiyo maji mengi yanakwenda kwenye maboila kuwa mvuke wa kulainisha mafuta. Mengine yanadungwa kusukuma mafuta kuelekea visima vya kutolea. Mengine yanadungwa ili kutupwa tu. Tenganisha hayo mawili ya mwisho, maana kudunga kwa kazi na kudunga kwa kutupa ni mambo mawili. Taja pia mwamba uliopokea: Julai 2014 jimbo liliamuru visima kadhaa vya kutupia maji huko Kern visimame kwa hofu kwamba vinaingiza uchafu kwenye maji ya ardhini yaliyostahili kulindwa.

Fungu la mwisho ni la wakulima. Katika eneo la Kern River, Chevron husafisha sehemu ya maji yanayopanda na mafuta na kuyapeleka wilaya ya maji ya Cawelo, ambako huchanganywa na maji mengine na kumwagilia mashamba. Hilo linawezekana kwa sababu maji ya hapo yana chumvi kidogo. Usilichukulie kama dawa ya kila mahali.

Hatua ya 5: Sawazisha

Chukua eneo la kubuni, robo mwaka moja, kwa mapipa.

Yaliyoingia: yaliyopanda na mafuta 900,000, yaliyonunuliwa 40,000, kisima cha maji cha kampuni 20,000. Jumla 960,000.

Yaliyotoka: mvuke 310,000; kusukuma mafuta 380,000; kutupwa ardhini 190,000; kwa wakulima 60,000; kupotea angani 5,000. Jumla 945,000.

Pengo ni 15,000. Usilifiche. Angalia matangi: robo ilianza yakiwa na 12,000 na kuisha yakiwa na 21,000, kwa hiyo 9,000 bado yapo. Yanabaki 6,000 yasiyo na maelezo, kama asilimia 0.6. Kwa mita za kawaida hilo halitishi. Yaandike hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Vipimo, kisha tuma

Pipa 1 ni galoni 42 za Kimarekani, kama lita 159. Watu wa maji wa California wanahesabu kwa eka-futi, yaani maji ya kufunika eka moja kwa kina cha futi moja, na moja ni mapipa kama 7,758. Yale 60,000 ya wakulima ni eka-futi 7.7 hivi. Andika kipimo juu ya kila safu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Chumvi: Mwalimu, maji ya mvuke yakishadungwa si yanapanda tena na mafuta? Hapo tunahesabu mara mbili.

Jibu: Umegusa penyewe, dada. Yanahesabiwa kila yanapokata mpaka, kwa hiyo kwenye daftari hakuna kosa: yanaonekana kwenye yaliyoingia na kwenye yaliyotoka. Kosa ni kuchukua ile 960,000 na kutangaza "wametumia maji 960,000". Ukitaka kujua mzigo waliouongeza kwa majirani, angalia maji ya kutoka nje tu: 40,000 na 20,000. Kwa bahati yalilingana na yale 60,000 waliyopewa wakulima, lakini usikate hesabu hapo, angalia ubora kwanza.

Fundi Bomba: Nilidhani maji mengi yanakwenda kwenye kule kupasua mwamba kwa shinikizo.

Jibu: Texas, ndiyo, kisima kimoja hula mamilioni ya galoni. California wastani ulikuwa galoni laki moja na ushee, kwa sababu miamba na mbinu zao ni tofauti. Shughuli hiyo wameiwekea sheria yake, SB 4 ya 2013.

Kijana wa Mikindani: Mkuu, huku kwetu ni gesi. Daftari hili linatuhusu?

Jibu: Linakuhusu, ila safu ya kwanza itakuwa nyembamba, gesi haipandi na maji mengi hivyo. Tanzania Bara mlango wako ni Bodi ya Maji ya Bonde, kwako ni Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inadai kibali cha kutumia maji, na kibali kingine cha kutiririsha majitaka. Watu hukumbuka cha kwanza na kusahau cha pili.

Mzee wa Buliisa: Nasi wa Ziwa Albert?

Jibu: Shikamoo mzee. Mradi wa mafuta wa Tilenga, huko kwenu Uganda, umepangwa kuchota maji ziwani na kuyadunga kulinda shinikizo ndani ya mwamba, pamoja na kurudisha chini yanayopanda na mafuta. Fuatilia safu mbili hizo kwa miaka. Yanayopanda yakiongezeka, yanayochotwa ziwani yangetakiwa kupungua. Yasipopungua, uliza.

Mama Chumvi: La mwisho. Nitajuaje taarifa imepikwa?

Jibu: Pengo likiwa sifuri kamili, mita za dunia hii haziko hivyo. Namba za Januari zikifanana na za Februari hadi tarakimu ya mwisho, mtu amenakili, maana hata siku za miezi hiyo hazilingani. Na visima vikizeeka, mafuta yakipungua huku sehemu ya maji ikibaki pale pale miaka mitatu, basi hakuna aliyekwenda kuchukua sampuli.