Kupikia shughuli kwa gesi wakati wa kipupwe Tabora: mambo ya kuzingatia kabla

Juni na Julai ndiyo miezi ya harusi Tabora. Mavuno yameingia ndani, barabara zimekauka, na kuanzia Ipuli hadi Ng'ambo maturubai yanafungwa kila mwisho wa wiki. Alfajiri ya miezi hiyo baridi hushuka hadi karibu nyuzi 15. Wapishi wengi wa shughuli sasa wanaacha kuni za miombo na kushika gesi, jambo jema kwa macho yao na kwa misitu yetu. Ila gesi ina tabia yake kwenye baridi, na anayeijua mapema hatapata shida saa kumi na moja alfajiri, supu ikiwa jikoni na moto unafifia.

Cha kwanza kukielewa ni kwamba ndani ya mtungi gesi iko katika hali ya kimiminika. Ukifungua valvu, kimiminika hicho huchemka na kuwa mvuke, na kuchemka kunataka joto. Kilo moja ya gesi inahitaji joto karibu sawa na lile la kuchemsha lita moja ya maji ya bomba, na joto hilo linatoka kwenye chuma cha mtungi wenyewe na kwenye hewa inayouzunguka. Jiko la chai linavuta kidogo kidogo, kwa hiyo chuma kinapata nafasi ya kupata joto upya. Jiko kubwa la sufuria la pilau linavuta kwa fujo. Weka kiganja chako kwenye mtungi baada ya muda: chini ni baridi kali na panatoka jasho, juu pakavu. Ukiendelea kuuvuta, jasho linaganda na kuwa ukanda mweupe, na ukanda huo unaishia pale pale kimiminika kilipofika. Gesi imo, ila mtungi umepoa mno kuitoa.

Kuna jambo la pili. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Propeni huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini buteni huishiwa nguvu ikikaribia nyuzi sifuri. Kwenye mtungi, propeni ndiyo inayotangulia kutoka kwa wingi, kwa hiyo kadiri mtungi unavyokaribia kuisha ndivyo kinachobaki kinavyokuwa kizito kutoka. Ndiyo maana mtungi uliotumika nusu, ambao nyumbani unapika wali bila tatizo, unaweza kukuangusha alfajiri chini ya turubai. Kwa shughuli usiende na masalia.

Sasa maandalizi yenyewe. Pima mitungi siku moja kabla. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma. Toa uzito huo kwenye unaosomeka mzanini, unabaki na gesi yako. Mzani wa muuza mchele unatosha kabisa. Kisha angalia ukubwa, na hapa ndipo ningeomba kamati ya chakula isibane hela: jiko kubwa halifai kuungwa kwenye mtungi wa kilo 6. Mtungi wa kilo 38 una chuma kingi na kimiminika kingi, kwa hiyo unapoa polepole. Kama haupatikani, chukua miwili au mitatu ya kilo 15 na uizungushe. Mmoja ukianza kuganda, upumzishe, uunge mwingine.

Andaa pia beseni pana na maji ya kawaida yasiyopashwa moto. Mtungi ukiwa karibu na kuganda, maji ya nyuzi 20 ni moto kwake. Uweke mtungi wima ndani ya beseni, maji yafike robo ya kimo chake, kwa sababu kimiminika kiko chini na joto linatakiwa kufika huko. Maji yakipoa, yabadilishe. Ukimaliza, ufute ukauke usije ukaota kutu kitakoni.

Makaa chini ya mtungi, maji yanayochemka, au kuusogeza karibu na jiko lingine: hapana kabisa, hata akisema mpishi mkuu. Nimemsikia binti wa jikoni akiuliza, "Shangazi, niulaze ili itoke yote?" Shangazi akamshika mkono papo hapo, na alifanya vizuri. Mtungi ukilazwa, kimiminika kinaingia kwenye regyuleta (kifaa cha kupunguza msukumo wa gesi) na mpira, na moto unaruka jikoni kama ulimi.

Kutafuta panapovuja, mpira na viungio vipakwe povu la sabuni kabla ya kuwasha, usitumie kiberiti. Na baridi isiwashawishi kuingiza majiko ndani na kufunga milango. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kukaa mashimoni. Na moto uliofungiwa ndani unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Chini ya turubai, acha pande mbili wazi na uzuie upepo kwa mabati ya kuzunguka jiko tu, mtungi ubaki nje ya mabati hayo.

Shughuli ikiisha, funga kwanza valvu ya mtungi, acha moto uzimike wenyewe, kisha funga jiko. Mitungi iliyolegea usiku iache ikae hadi jua lipande, uipime tena kabla ya kuirudisha dukani. Mingi itakuwa bado na kilo kadhaa, na hizo mwenye shughuli amezilipia.