Somo: Kuwasha injini ya mvuke iliyopoa

Wengi wakisikia treni ya mvuke wanawaza moto. Moto ni kazi ya pili. Ya kwanza ni maji. Mfano wangu ni Garratt (aina ya injini kubwa za mvuke) za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki: 34 kwa jumla, zilizoundwa na Beyer, Peacock ya Manchester miaka ya 1950, zikichoma mafuta mazito. Moja yao, Mount Gelai, bado unaweza kuitazama Makumbusho ya Reli, Nairobi.

1. Soma kioo cha maji, kinachoonyesha kimo cha maji ndani ya bwela (tangi la kuchemshia maji), ila usikiamini hivi hivi. Fungua koki ya chini maji yatoke, funga, tazama yanavyopanda. Yakipanda kwa kusuasua, njia imeziba na kioo kinakudanganya. Maji yakishuka chini ya paa la tanuri (chumba cha moto), paa hilo hulainika, na bwela linaweza kupasuka. Ndiyo maana pale juu huwekwa vizibo vyenye madini ya risasi: risasi ikiyeyuka, mvuke humwagika motoni na kukupa onyo. Ukifika hapo umeshachelewa.

2. Mulika ndani ya tanuri. Mafuta yakiwa yametuama sakafuni, yatoe kwanza.

3. Washa. Mafuta mazito ni lazima yapashwe ndipo yatiririke, kisha mvuke huyapuliza yawe ukungu. Injini iliyopoa haina mvuke, kwa hiyo unaazima kwa jirani yake au bwela la karakana. Tia kitambaa kinachowaka, fungua mvuke, mafuta yafuate kidogo kidogo. Moto ukizimika, funga mafuta, acha moshi utoke, tia kitambaa kingine. Anayetegemea joto la matofali ya tanuri kuwasha upya, mlipuko utamtokea mlangoni. Za makaa ya mawe ni kuni kwanza, halafu makaa.

4. Subiri. Chuma hutanuka, na ukikiharakisha mabomba huanza kuvuja kwenye maungio. Injini kubwa huwashwa tangu jana yake. Muda huo tia oili na grisi kila kiungo. Garratt ina injini mbili chini ya bwela moja, kwa hiyo chupa ya oili haitoshi.

5. Presha ikipanda (hizi hufika pauni 225 kwa inchi ya mraba), jaribu injekta (vifaa vya kuingiza maji kwenye bwela) zote mbili kabla ya kusogea hata hatua.

6. Ondoka koki za silinda zikiwa wazi. Maji hayabanwi; yakibaki ndani, pistoni itavunja mfuniko.

Maswali ya wadau

*Mkuu, masizi ya mafuta mnayatoaje?*
Kwa mchanga! Injini ikivuta kwa nguvu, fayamani (mhudumu wa moto) anatupia mchanga kidogo tanurini, unafyonzwa kwenye mabomba na kuyakwangua. Moshi wake mweusi utauona kutoka mbali.

*Bwela hufunguliwa lini?*
Kuoshwa ni mara kwa mara, hasa maji yakiwa na chokaa. Ukaguzi mkubwa hutegemea nchi: Marekani ni baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, kinachotangulia, Uingereza kwa kawaida ni kama miaka 10.

*Kwenye ukame je?*
Afrika Kusini waliagiza injini 90 za daraja la 25 kwa ajili ya eneo kame la Karoo, zinazogeuza mvuke kuwa maji tena. Ziliokoa maji kweli, lakini feni ya kuvuta moshi ililiwa na chembe za makaa, na nyingi baadaye zikageuzwa kuwa za kawaida.