Lubbock: tafuta kaburi la Buddy Holly kwa herufi "e"

Ukienda Lubbock, Texas, kuzuru kaburi la Buddy Holly, mwanamuziki wa rock and roll wa Marekani, kwenye makaburi ya jiji litafute kwa jina la Holley. Hilo ndilo jina la ukoo wake, na ndilo familia ililoliweka kwenye jiwe. Herufi "e" ilidondoka kwenye mkataba wake na kampuni ya rekodi ya Decca mwaka 1956, naye akaendelea kulitumia hilo la Holly. Mimi nilitafuta "Holly" nikaambulia patupu.

Halafu tembea ukiangalia chini. Jiwe lenyewe ni bapa, limelala usawa wa nyasi, kwa hiyo kwa mbali hulioni kabisa. Limechongwa gitaa la umeme, na mara nyingi utakuta mashabiki wameacha piki za gitaa (vipande vidogo vya kupigia nyuzi) na sarafu juu yake. Hapo mtu hunyamaza tu. Miaka 1936 hadi 1959: alifariki akiwa na miaka 22 tu.

Ujanja huu haufai mjini. Sanamu yake na makumbusho yaliyo kwenye stesheni ya zamani ya reli yanaitwa Buddy Holly, bila "e", hivyo ukiandika Holley kwenye ramani ya simu unaweza kupotezwa. Hata makaburini jina peke yake halitoshi, maana wako akina Holley wengine. Hakikisha na gitaa na miaka. Makumbusho usiyaruke: miwani aliyokuwa nayo ndege ilipoanguka na kumuua imewekwa humo.