Kabla hujafunga kamba za raba

Mtu akitoka kwenye pombe au unga na kusema ataanza mazoezi, mtaani wanamwambia aamke tu alfajiri akakimbie. Mimi namwambia asubiri kidogo.

Aanze na mwili. Kama ulikuwa wa kuzimua kila asubuhi na mikono inatetemeka usipopata, usiache ghafla ukaingia barabarani. Degedege linaweza kukukuta ndani ya siku mbili za mwanzo, na baadaye kidogo ukaanza kuweweseka. Hayo yanatibiwa hospitali kwa dawa, hayatoki kwa jasho. Arosto ya unga, yale maumivu ya kuukosa, nayo haikimbiziki. Hapa Mwanza, Hospitali ya Sekou Toure kuna kliniki ya methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga. Ukianza dozi, zungumza na muuguzi kabla ya kujitutumua, maana siku za mwanzo huleta usingizi na kizunguzungu. Pima presha na sukari pia. Mashine ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, raba zibaki mlangoni mpaka daktari aseme.

Raba zenyewe za mtumba pale Mlango Mmoja zinatosha. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, irudishe.

Mwanza ni miamba, kwa hiyo usijipime kwa mlima wa Bugando wiki ya kwanza. Tembea kwenye tambarare dakika kumi au kumi na tano, huku ukiweza kuongea bila kuhema. Dakika 150 kwa wiki wanazozitaja Shirika la Afya Duniani utazifikia polepole. Ukirudi umelowa jasho, usiingize miguu ziwani kujipoza: kichocho kinapenya ngozi kwa dakika chache tu. Na usitoke tumbo tupu. Walevi tulizoea kutokula, basi hata uji na dagaa kidogo.

Sasa njia. Hapa ndipo wengi tunapoangukia. Kabla ya siku ya kwanza, ipite mchana ukiwa na akili timamu, uhesabu vijiwe vyako vya zamani. Mimi sikuhesabu. Njia yangu fupi ya kurudi ilipita kwenye banda nililokuwa nadaiwa, na siku ya nne mama muuzaji akaniita, "Baba Neema, deni nimekufutia, kaa basi upumzike." Nilikaa. Tangu hapo nazunguka kwa Mwaloni, harufu ya dagaa mpaka kwenye nguo, lakini nafika nyumbani.

Saa nayo ichague kwa kiu yako. Alfajiri kila mtu anaisifu, ila kama kiu yako hupanda saa kumi na moja jioni, wenzako wakishapokea posho, hiyo ndiyo saa ya kuwa barabarani.

Ukitaka klabu ya jogingi, kabla hujanunua jezi uliza wakimaliza Jumamosi wanakwenda wapi. Nyingi huishia kwenye supu, na supu yenyewe iko baa. Jimuni nako, anayekupa kidonge cha "kuondoa uchovu" mwambie ahsante, umeshakunywa chai.

Tafuta mtu mmoja wa kutembea naye, si lazima awe amewahi kulewa. Mkubaliane mapema: siku usipotokea asikupigie simu, kwenye simu utamwambia uko njiani. Aje agonge mlango.