Ibada na barafu: amueni Jumamosi jioni
Kwa makanisa ya Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, uamuzi wa kuahirisha ibada ya Jumapili ufanywe Jumamosi jioni, baada ya kusoma tahadhari za idara ya hali ya hewa, ili wanaotoka mbali wasije wakakuta mlango umefungwa. Cha kuogopwa zaidi si theluji nyingi, ambayo huzolewa kwa koleo, bali mvua inayoganda inapogusa lami, kwa sababu utelezi wake hauonekani kwa urahisi. Chumvi ya kawaida inayomwagwa kuyeyusha barafu nayo hudhoofika sana baridi inapofika nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri; kwa hiyo ngazi na maegesho yakaguliwe na muumini anayeishi jirani, wala mchungaji, ambaye aghalabu huona haya kufuta ibada, asiachiwe uamuzi peke yake. Wazee wasiosoma ujumbe wa WhatsApp wapigiwe simu.