Umebadilisha prosesa kwenye Pentium ya kale na haiwaki? Anzia hapa

Kwanza rudisha prosesa ya zamani na jampa zote (vile vifuniko vidogo vinavyounganisha pini za bodi kuchagua mipangilio) zikae kama ulivozikuta. Najua roho inataka kuendelea kupambana na ile mpya ila rudisha tu, maana ukiwasha na ya zamani nayo ikagoma basi tatizo umelitengeneza mwenyewe wakati unafunguafungua, prosesa mpya haihusiki. Ramu imelegea, kadi ya video imeinuka upande mmoja, au mbaya zaidi zile plagi mbili za pawa za mashine za muundo wa zamani wa AT umezipishanisha. Waya nyeusi lazima zikutane katikati, nyeusi kwa nyeusi, ukikosea hapo unaweza kuchoma bodi nzima na hiyo hata fundi hakusaidii.

Ya zamani ikiwaka, sawa, tuendelee. Mfano wangu ni bodi ya Soketi 7 iliyokuwa na Pentium 133, nikaipachika AMD K6-2 ya megahezi 400, chipu ya 1998 kwenye bodi iliyoitangulia miaka kama miwili. Feni inazunguka, skrini nyeusi tii, hata mlio hakuna. Nikajua nimeuziwa mzoga.

Kabla hujailaumu chipu pima volti, na hapa usifanye haraka kwa sababu ndo pahala chipu nzima zinapouawa. Pentium ya kawaida inakula volti moja tu, 3.3 hivi. K6-2 inakula mbili, 3.3 kwa ajili ya kuongea na bodi na 2.2 kwa ajili ya kiini chake, kwa hiyo ukiacha jampa za Pentium unakisukumia kiini mara moja na nusu ya kinachotaka. Zima, toa prosesa, soketi ibaki tupu, acha diski ngumu imechomekwa (pawa saplai za zamani zingine hazitulii bila mzigo), kisha washa. Ncha nyeusi ya multimita iweke kwenye waya mweusi wa plagi ya diski, ncha nyekundu gusa kwa uangalifu koili na miguu ya kapasita kubwa zilizo pembeni ya soketi. Sehemu moja itakupa 5, nyingine 3.3, na ya tatu ndo ya kiini. Usiruhusu ncha iguse miguu miwili kwa pamoja. Multimita ya bei rahisi ya Kariakoo inatosha kabisa. Usiposoma kitu chochote usihitimishe kwamba bodi imekufa, zipo ambazo hazitoi umeme wa kiini soketi ikiwa tupu.

Sasa kijitabu cha bodi kinaweza kuishia 2.8 na wewe unataka 2.2, unaona kama safari imeishia hapo. Hapana, angalia jampa zenyewe. Kwenye bodi nyingi ziko nne, zinaanzia volti 2.0 na kila moja inaongeza chake: 0.1, 0.2, 0.4 na 0.8. Ndo maana ukiangalia mstari wa 2.8 unakuta jampa moja tu imefungwa, na 3.2 zimefungwa mbili. Kwa hiyo 2.2 ni kufunga ile ya 0.2 peke yake hata kama hakuna aliyeiandika. Ukishafunga pima tena, usiamini hesabu yako wala yangu. Na kama bodi yako ina volti moja tu bila namna ya kutenganisha, basi bila ile adapta ya kukaa kati ya soketi na chipu hiyo kazi iache.

Mimi volti zangu zilikuwa sawa. Nikachomeka kadi ya kusomea kodi za kuwaka (inaonyesha kwa namba bodi imefika hatua gani ya kuwaka), ikaganda FF, haisogei. FF au 00 iliyoganda tangu mwanzo maana yake prosesa haijafanya hata kazi ya kwanza, ila namba zikikimbia halafu zikasimama basi chipu iko hai, geukia ramu, keshi na bayosi (programu ya bodi inayoiwasha mashine). Nikatoa chipu nikaigeuza juani, nikailaza mkabala na jicho, nikaangalia safu moja moja. Pini 321. Moja ya safu ya pili kutoka ukingoni imelala chali, juu huioni kabisa, lazima mwanga uje kwa ubavu. Nilichukua penseli ya kubonyeza, ya risasi nyembamba, nikatoa risasi, ule mdomo wake mtupu ukaingia kwenye pini kama kofia, nikainyanyua kidogo, nikapumzika, nikainyanyua tena. Ukiivuta kwa mkupuo mmoja inakatika. Chipu ikinyooka inashuka kwenye soketi kwa uzito wake yenyewe, ukijikuta unaikandamiza kuna pini inakataa.

Ikawaka. Bayosi ikaiita jina la ajabu, sikujali, bayosi ya 1996 itaijuaje chipu ya 1998? Ila kuna bayosi zingine zinaganda kabisa hapo na dawa yake ni toleo jipya, uliweke ukiwa bado na prosesa ya zamani.

Maltiplaya (jampa ya kuchagua spidi ya bodi izidishwe mara ngapi kupata spidi ya prosesa) sikuigusa na watu wananishangaa. Pentium 133 ni 66 mara 2, na K6-2 400 ikiona jampa ya 2 inaisoma kama 6. Weka Pentium MMX 233 kwenye jampa hiyohiyo uone, inawaka vizuri tu lakini kwa 133, mtu anasema ameibiwa. Ile inataka jampa ya 1.5, inaisoma 3.5.

Halafu kuna hili la Windows 95, kuanzia K6-2 ya 350 kwenda juu inaweza kugoma wakati inapanda na kulalamika kuhusu protection error, leo inapanda kesho haipandi, unaanza kubadilisha ramu bure. Boti kwa flopi ya DOS, ikitulia huko shusha jampa kwenye 3, yaani 200, ujaribu Windows tena. Ikipanda vizuri ni kwamba spidi imeizidi Windows, AMD walitoa kiraka chake kinaitwa amdk6upd, kiweke kisha rudisha jampa kwenye 2.