Kabla Fuso la vitunguu halijatoka Kilombero

Dereva anayepakia vitunguu soko la Kilombero, Arusha, kwenda Dar, huulizwa mawili akifika: magunia mangapi, na yana hali gani. Majibu yote mawili hutengenezwa gari likiwa bado limezimwa.

Anza na uzito, maana hapo ndipo tunapodanganyana sana. Mwenye mali anakwambia magunia themanini, nawe unapiga kilo mia mia, unapata tani nane. Kumbe ni lumbesa, gunia limeshonewa kilemba juu, na kilo mia lilizipita zamani. Sheria ya uzito wa magari ya Afrika Mashariki, inayotumika nchini tangu Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne. Kwa hiyo Fuso linaweza kuwa chini ya tani 18 kwa jumla na bado likakwama mizani kwa sababu ekseli moja imezidi. Ukirundika mkiani, usukani unakuwa mwepesi na gari linakataa kona. Ukisukuma yote mbele, ekseli ya mbele inaelemewa. Panga kuanzia kichwani, sambaza, mazito yakae chini. Lumbesa ikatae hata kama mwenye mali ni shemeji yako. Na kumbuka dizeli nayo ina uzito: jaza tangi kabla ya kupiga hesabu, si baada.

Kitunguu kinapumua, na hili nimelijua kwa hasara. Masika fulani nilifunga turubai kama sanduku, sikulifungua hata jua lilipowaka Korogwe. Nilipolifunua Dar, magunia ya katikati yalikuwa ya moto na yanachuruzika maji. Nauli yangu ilikatwa karibu nusu. Siku hizi natandaza miti juu ya mzigo ili turubai lisilale juu ya magunia, na kukiwa kukavu naacha nyuma wazi, upepo upite. Tundu usilitafute kwa macho ya nje. Ingia chini ya turubai saa sita mchana: palipotoboka utaona nyota.

Kamba ni somo la peke yake. Magunia hushuka yakitikiswa, kwa hiyo kamba iliyokaza Kilombero huwa imelegea ukifika Usa River. Simama hapo, kaza. Kaza tena Himo, kabla ya kukutana na upepo wa tambarare za Mwanga na Same. Ukisimama, pitia na nati za tairi lililobadilishwa karibuni. Asubuhi kabla ya safari, toa maji kwenye matangi ya upepo wa breki, kazi ya dakika mbili ambayo utingo wengi huiruka. Mteremko wa Kikafu uingie kwa gia nzito tangu juu. Ukingoja mpaka breki zinuke, umechelewa.

Karatasi sitazisemea sana: leseni, kibali cha LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), bima. Ila elewa kwamba bima ndogo, ile ya kumlinda mtu wa tatu, haifidii gari lako wala kitunguu hata kimoja. Muulize mwenye mali kama ana bima ya mizigo safarini, umuulize mbele ya shahidi.

Magunia yahesabu mwenyewe, turubai likiwa halijafunikwa, mwandike idadi na kila mmoja asaini. Usikubali kuambiwa "tumeshahesabu, kaka, usiwe na wasiwasi". Kifuniko cha tangi la dizeli kipige kufuli. Na ukilazimika kulala njiani, lala penye taa na mlinzi, halafu mtafute dereva mwenzako mpaki mkia kwa mkia, bodi za nyuma zigusane, asiwepo wa kuzifungua kabla nyinyi hamjaamka.